Jibu la Jana

Baba yangu alikuwa akiwaambia watu sokoni Kapsokwony kwamba binti yake anafundisha magari kusengenyana. Nilikuwa nikinuna, maana kazi hii niliisomea miaka mingi na nilitaka ielezwe kwa heshima. Lakini kusema kweli, hakuna aliyewahi kuieleza vizuri kuliko yeye.

Kazi yenyewe ni hii. Kule mlimani simu hushika kwa kubahatisha. Mvua ikipiga kidogo umeme unapotea, mnara unakufa, na watu wanakaa siku mbili bila kujua kama daraja bado lipo au vitunguu vinauzwaje Lwakhakha. Magari lakini hayaachi kupita: pikapu za maziwa, gari la zahanati, pikipiki, mwalimu mkuu na kigari chake cha moshi. Mradi wetu, wenye ofisi Kitale, ulikuwa ukifunga ndani ya magari hayo kisanduku cha ukubwa wa mche wa sabuni. Magari mawili yakipishana, visanduku vyao vinapeana habari kabla madereva hawajamaliza kupungiana mikono.

Na utamu wake, ule niliokuwa nauhubiri kama mlokole aliyeokoka juzi, ni kwamba hutafuti mtu. Simu inakutaka ujue unampigia nani. Kisanduku kinakutaka ujue unataka nini, basi. Unauliza: dawa ya nyoka, iko wapi? Gari lolote la karibu lenye jibu litakujibu, hata kama jibu lilitoka hospitali ya mbali na limepitia magari matano. Lisipokuwa nalo, linalibeba swali lako na kulikabidhi gari linaloelekea upande ambako majibu hutoka, na jibu likipatikana linarudi kwa njia ile ile iliyopitiwa na swali. Kila gari hubaki na nakala, ili atakayeuliza baadaye asisubiri. Nakala iishi muda gani kabla ya kutupwa, hilo liliachiwa mimi. Kwa orodha za dawa zinazotoka hospitalini kila asubuhi niliandika siku mbili, kwa sababu niliona afadhali jibu la jana kuliko kukosa jibu kabisa.

Siku baba alipoumwa, nilikuwa Bungoma mjini, kwenye gereji ya mzee mmoja Kalasinga, nimejilaza chini ya usukani wa lori nikitafuta waya. Haya ya mwanzo nimeyapata kwa kaka yangu, ambaye anaishi na baba nyumbani, juu ya Kapsokwony. Baba alikwenda kuchukua mabua ya mahindi ya kumpa ng'ombe. Aliinua fungu la kwanza, akainua la pili, na chini ya la tatu alikuwemo kifutu, yule nyoka mnene mvivu ambaye hakimbii mtu. Alimuuma mkono wa kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada.

Kaka alimpakia kwenye pikipiki, akamfunga kiunoni mwake kwa shuka ili asianguke, wakateremka hadi zahanati. Nesi aliwaambia ukweli pale pale mlangoni: dawa ya nyoka haikai kwake, kwani inataka friji, na friji inataka umeme, na umeme ulikuwa na siku ya pili haupo. Mnara nao ulikuwa umekufa, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpigia. Ndipo akakigeukia kisanduku chetu, kile nilichokifunga mwenyewe kwenye ukuta wa zahanati, akakiuliza.

Wakati wakisubiri, gari la maiti lilipita. Lilikuwa limefungwa matawi mbele, taa zinawaka mchana, linakwenda polepole kupandisha mlima, na ndani wanawake walikuwa wakiimba. Kaka alivua kofia. Nesi alisimama wima. Baba, na mkono wake ule, aliinuka kutoka kwenye benchi mpaka gari lilipopita. Lilipita hatua chache tu kutoka ukutani.

Kisha kisanduku kikajibu. Kilisema dawa iko hospitali fulani Kitale, chupa nne.

Jirani mwenye gari dogo aliwabeba. Walipofika Kimilili, pale njia zinapogawanyika, moja ikielekea upande wa Kitale na nyingine Bungoma, simu ya kaka ilipata mtandao. Akanipigia.

"Dada, mzee ameumwa na nyoka. Mkono unafura vibaya."

Nilitoka chini ya usukani nikagonga kichwa.

"Mmepata dawa?"

"Sanduku imesema Kitale iko. Lakini mimi naona tukuje Bungoma. Si wewe uko huko? Ungeenda hospitali uulize tukiwa njiani."

"Sanduku limesema Kitale?"

"Imesema. Chupa nne."

"Basi nendeni Kitale."

"Na kama imeisha?"

Hapa ndipo ninapotamani mtu angenikata ulimi. Nilimkaripia. Nilimwambia, "Sasa mimi nilifunga hiyo kitu ya nini kama mtaendelea kubahatisha? Ati unaona, ati unaona! Enda Kitale bana, unapoteza wakati."

Akasema sawa dada. Kaka yangu ana heshima kuliko mimi. Kutoka pale gerejini nilikuwa naliona paa la hospitali ya Bungoma. Ningefika kwa miguu, nikauliza dirishani na kurudi, na chai niliyokuwa nimeletewa ingekuwa bado ina joto. Sikwenda. Sikuona haja ya kwenda kuuliza mtu jambo ambalo kisanduku changu kilikuwa kimeshalijibu. Nilirudi chini ya usukani nikamalizia kufunga waya, na nakumbuka niliufunga vizuri.

Simu ya pili ilikuja wakiwa Kitale.

"Dada, hakuna."

"Hakuna nini?"

"Dawa hakuna. Zile chupa zilimalizikia mgonjwa wa jana jioni. Wanasema leo asubuhi mapema waliandika hakuna, na wakaandika Bungoma ndio iko. Wanasema hiyo orodha iko kwa masanduku yenu." Kisha akaongeza, na sauti haikuwa ya kunilaumu, ndiyo maana iliniumiza, "Sasa tufanye nini?"

Niliwaambia wageuze. Nilikimbia hadi hospitali na vumbi la gereji usoni, nikajitupa kwenye dirisha la dawa. Dawa ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu, kwenye friji yenye mlango wa kioo, nyuma ya bega la yule bwana wa dawa. Nilimwomba anipe niwakimbilie njiani, tukutane Webuye. Akasema haiwezekani, dawa hii huingizwa kwa dripu mgonjwa akiwa chini ya macho ya daktari, kwani inaweza kumbadilikia ikamuua yenyewe. Alikuwa na haki, na nilijua ana haki, na nilimtukana. Nilimwita maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Nilipoona hayasaidii nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya simiti, mbele ya watu wamebeba watoto na kadi zao, nikaanza kumwita baba, baba, na yeye kijana mdogo kwangu. Akatoka nje ya dirisha lake, akaniinua, akasema, "Mama, walete tu. Mimi nitakuwa hapa."

Basi nikasimama getini. Sijui niandike vipi juu ya kusimama huko. Nilimpigia kaka, akasema wako Kiminini. Nikapiga tena, wako Kamukuywa. Nikapiga, wako Misikhu, mbele kuna malori yamesimama, jirani anataka kukatia Bokoli. Nikapiga, tope la Bokoli limewarudisha barabarani. Kati ya simu moja na nyingine nilikuwa napiga hesabu ya sumu. Nilijua inavyotembea, nilisoma pale pale kwenye simu, nikijitesa: inaanza na nyama ya mkono, inaila, inapanda. Nilijua pia ni wapi waligeukia vibaya, na ni nani aliyewageuza. Nilimwambia Mungu achukue mkono wangu. Nilimwambia achukue yote miwili. Wauza ndizi wa getini waliacha kuniuliza kama nanunua.

Walipofika, baba alikuwa amekaa kiti cha mbele, mnyoofu, kana kwamba anapelekwa harusini. Mkono ulikuwa umefura kama unga ulioumuka, umejaza mkono wa shati mpaka kaka alikuwa ameupasua kwa meno. Rangi yake sitaisema. Nilianza kupiga mayowe. Baba aliniangalia, akasema, "Mama, usilie mbele ya watu." Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Dawa iliingia. Bwana wa dawa alikuwa ameshaiweka tayari kwenye trei. Baba aliishi, na kila aliyekuja kutuona alituambia tushukuru, na tulishukuru. Lakini nyama ya mkono ilikuwa imeshakufa. Siku ya nane waliukata, chini kidogo ya kiwiko. Nilimfuata daktari kwenye korido nikamuuliza ingekuwaje kama angefika mapema, moja kwa moja kutoka Kimilili. Alivua miwani, akaifuta, akasema pengine angepoteza kidole kimoja, pengine hata hicho asingekipoteza. Hakusema kwa ubaya. Niliuliza, akajibu.

Nilirudi kazini nikiwa na shabaha moja: kumpata wa kumchukia. Orodha ya asubuhi ilitoka Kitale. Kwa nini haikufika mlimani? Ilikuwa lazima kuna gari lililolala nayo, na mimi nilikuwa na uwezo wa kujua ni lipi, kwa sababu kila kisanduku huandika chenyewe kilipokea nini na saa ngapi. Nilivipitia kimoja kimoja. Nilikula mezani kwangu, nikiwafokea wenzangu walioniambia nipumzike. Mwisho nikalipata.

Lilikuwa lile gari la maiti. Asubuhi ile lilifika hospitali ya Kitale likiwa tupu kuchukua mwili mochari, na pale getini kisanduku chake kikachota orodha mpya, nzima, safi: Kitale hakuna, Bungoma iko. Muda mfupi baadaye kisanduku kikazimika. Kiliwaka tena alasiri, mazishi yalipokwisha. Katikati hapo palikuwa peupe. Jibu alilohitaji baba yangu lilipita mbele yake, na yeye akaliinukia kwa heshima.

Nilifurahi, nisidanganye. Niliruka kutoka kitini, kwani nilikuwa nimempata: dereva, mpumbavu fulani aliyezima mali ya mradi. Nilishuka hadi stendi ya magari ya kukodi nikiwa na matusi tayari mdomoni. Gari lilikuwa limeegeshwa, mlango wazi, mwenyewe amekwenda kula. Nikainama chini ya dashibodi kutafuta jinsi alivyokizima, nikauona waya wa kisanduku, na kiungo chake, na utepe mweusi niliouzungusha kwa ule mtindo wangu wa kukunja ncha.

Nikakumbuka yote. Nilikifunga mwenyewe, mwaka uliotangulia. Dereva, mtu wa makamo, mpole, alinikatalia kutoboa dashibodi. "Usitoboe madamu, gari si yangu. Mwenyewe ataniua." Njia sahihi ilikuwa kushuka hadi kwenye betri, kazi ya nusu siku. Nilikuwa na magari mengine mawili yananisubiri. Nikaona swichi ndogo ya muziki, ile wanayoiongeza madereva wenyewe kwa ajili ya spika zao kubwa, nikaunganisha pale. Na yeye, ambaye hakusomea chochote, aliniuliza swali ambalo mimi msomi sikujiuliza: "Na nikizima muziki, hiyo kitu haitazima?" Nilicheka. Nilimwambia, "Wewe na muziki wako, utazima lini?" Akacheka pia.

Kwetu dereva akibeba maiti hawashi muziki. Hilo halifundishwi, anayefungulia muziki juu ya jeneza la mtu hatabeba mwili mwingine maisha yake. Anazima kabla mwili haujaingia, na hawashi mpaka udongo umefunika. Mimi nimezaliwa hapa. Nimepanda magari hayo, nimeimba ndani yake, nimemzika mama yangu kutoka gari kama hilo. Mgeni angesamehewa kutojua. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Matusi yangu nilirudi nayo ofisini. Kulikuwa na kikao. Mkuu wa mradi alisoma karatasi yake: kisanduku kilikuwa kizima, dereva alikizima akiwa safarini kinyume cha masharti, dereva aondolewe. Akaniangalia mimi, mtoto wa mgonjwa, kwa huruma, akauliza kama nina la kuongeza. Meza nzima ilinyamaza kwa heshima ya mkono wa baba. Nikatikisa kichwa. Nilijiambia nitasema wiki ijayo, nikiwa na nguvu. Wiki ijayo ikapita, na nyingine. Nilipunguza kwenda nyumbani. Nilituma sukari na majani ya chai kwa pikipiki.

Niliposhindwa kabisa, nilipanda. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka. Baba alikuwa amekaa nje, mkono wa koti umekunjwa na kupachikwa pini. Kaka alikuwa ameshaninong'oneza njiani kwamba mzee haendi tena sokoni. Watu wanamnyooshea mkono wa kulia kwa mazoea, halafu wanakumbuka, halafu yeye inambidi atoe wa kushoto, na kwetu kumsalimia mtu kwa mkono wa kushoto ni kama kumtemea mate. Akaona afadhali kukaa. Aliponiona hakutoa mkono wowote, alinyoosha kidevu tu kuonyesha kiti.

"Umepotea, mama."

"Kazi, baba."

"Yule dereva alikuja," akasema. "Yule wa gari ya maiti. Walimwambia ndiye aliyefanya nikatwe mkono. Alitembea kutoka chini kule na kuku, akapiga magoti hapa unapokaa. Analia, mtu mzima. Ananiambia, mzee, mimi sikujua, mimi niriheshimu maiti tu." Baba alimwigiza ile r yake ya kwao, lakini hakucheka. "Nikamwambia asimame. Ningekuwa mimi ndani ya hilo jeneza ningetaka azime. Tukamchinja kuku, tukala naye."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Nikasema tu, "Baba, si yeye. Ni mimi." Nikamweleza swichi, na betri, na nusu siku niliyoibania, na swali la dereva na jinsi nilivyolicheka. Nikamweleza simu ya Kimilili, ambayo alikuwa ndani ya gari akiisikia upande mmoja tu. Nikamweleza kikao na jinsi nilivyotikisa kichwa. Nilimweleza bila kulia, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kulia mbele ya watu na sikujua kama kwake mimi bado ni mtoto au sasa ni mmoja wa watu tu.

Ng'ombe alikohoa zizini. Baba alijaribu kurekebisha pini ya koti kwa mkono wa kushoto, ikamshinda, nikainuka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko.

"Kumbe tulimla kuku wa mtu bure," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Utamrudishia. Wewe mwenyewe, usitume mtu. Na huko ofisini kwenu utasema."

"Nitasema." Kisha nikauliza, kwa sababu sikuweza kuondoka bila kuuliza, "Na mimi, baba? Yeye ulimsamehe."

Aliangalia mahali pengine, upande wa mabua.

"Yule nilimsamehe siku hiyo hiyo," akasema. "Yule si mtoto wangu. Wewe ngoja."

Ofisini nilisema, na kazi ikaisha. Dereva nilimpelekea kuku wawili, akakataa mmoja. Kila Jumamosi napanda Kapsokwony. Namfunga baba pini ya koti, siku hizi ananiacha nimfunge, namwandalia chai, tunazungumza habari za ng'ombe na za mvua. Hajasema bado, nami sijamuuliza tena.